Ndoo Moja ya Alhamisi

Mimi ni msoma mita za maji, au tuseme nilikuwa. Miaka kumi na mitatu nimepanda na kushuka ngazi za Salt, mji wetu wa vilimani karibu na Amman, daftari kwapani na tochi mfukoni, na kama yupo anayejua kazi isiyo na shukrani kuliko hii, aje tubishane. Muuza gesi akipita, watu hukimbilia madirishani. Nikipita mimi hufunga milango, kisha huchungulia kwenye upenyo kuona kama nimeshaondoka.

Kwetu maji huja mara moja kwa wiki, kila mtaa una siku yake. Siku hiyo matangi ya juu ya paa hujazwa, mazulia husuguliwa, na kila mtu huwa mtaalamu wa mita. Maji kabla hayajafika hutanguliwa na upepo kwenye bomba, na upepo huo huizungusha mita kidogo. Basi hapo ndipo ninapopata salamu zangu. "Mnatuuzia upepo, wezi nyie!" Nimeambiwa hivyo asubuhi na jioni, nimeambiwa mwezi wa Ramadhani nikiwa nimefunga, na kuna bibi mmoja alikuwa kitandani na homa, akainuka, akavaa kandambili, akatoka nje ili aniambie. Mimi upepo siuuzi. Nainama, nasoma tarakimu, naandika.

Huniita Abu Mita. Mtu mzima huku huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Abu ni baba na Um ni mama, na mimi mwana sina. Mke pia sina. Nilimuuguza mama yangu mpaka nikafika miaka arobaini na sita, na alipofariki hakubaki mtu wa kunitafutia mchumba, nami kutafuta mwenyewe sikujua. Jina langu hasa ni Mufleh. Nalitaja hapa kwa sababu imewahi kupita miezi mitatu mizima sikulisikia, mpaka siku niliyokwenda kliniki na muuguzi akaliita, nikakaa tu kwenye benchi namsubiri huyo Mufleh asimame.

Msidhani nilikuwa nalia kila siku. Kazi hii ilikuwa na vijitamu vyake. Kuna ukuta nyuma ya kwa fundi cherehani unaopigwa na jua la asubuhi, na mwezi wa Januari nilikuwa naegemeza mgongo pale dakika tano, najihisi sultani. Kuna mbwa mmoja wa rangi ya udongo aliyenibwekea miaka miwili, akachoka, tangu hapo akawa ananisindikiza mpaka geti la tatu. Kuna Um Khalaf na chai yake yenye majani ya mwitu, sukari vijiko vinne. Na kulikuwa na kigoda cha nyumba ya Abu Dhiab.

Mita ya nyumba ile iko chini kabisa, uvunguni mwa ngazi, utafikiri waliiweka kwa ajili ya paka. Miaka kumi na moja nyuma niliinama pale, goti likalia kwa sauti, nikakaa chini nikishika ukuta mpaka maumivu yakapungua. Nilidhani hakuna aliyeniona. Mwezi uliofuata nikakuta kigoda cha mbao mbele ya mita, kimefutwa vumbi. Hakuna aliyeniambia kitu. Mwezi uliofuata kilikuwepo, na uliofuata, hata ile miezi ambayo wenyewe walikuwa Amman kwa binti yao na geti limeachwa wazi kwa ajili yangu. Mke wa nyumba, Um Dhiab, akiwa jikoni nilikuwa namshukuru kwa sauti, naye hupunga mwiko dirishani. Katika miaka yote ile tulizungumza labda mara kumi: habari ya magoti, habari ya mwanawe Dhiab aliyeko Kuwait, habari ya mti wao wa tini uani, na kwamba mimi nakaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja, hata baraza sina. Mumewe tulikuwa tunaitikiana salamu tu.

Mwezi wa tisa mwaka jana mhandisi wetu, Ghaleb, alituita ofisini akatuonyesha mita mpya. Ndogo, nyeusi, na ina kidude cha kupeleka namba yenyewe hadi ofisini.

"Mmepumzika, vijana," akasema. Kijana mwenyewe kati yetu ni yeye. "Mwisho wa mwezi wa kumi ndiyo zamu ya mwisho. Hmud utakwenda kwenye magari. Abu Mita, wewe utakaa chini kwenye kumbukumbu. Magoti yako yatanishukuru."

Hmud, mwenzangu wa upande wa mashariki, alifurahi mpaka akanikumbatia. Mimi nikasema Mungu akubariki, mhandisi, nikaenda kunawa uso. Nilihisi nimefiwa, tena nimefiwa na kitu ambacho siwezi hata kumpa mtu taarifa ya msiba wake. Watu wale walinitukana, sawa. Lakini ndio watu niliokuwa nao. Nikirudi chumbani jioni nakula maharage na kitunguu, sufuria moja, kijiko kimoja, na ninayozungumza nayo ni redio, nayo ina kawaida ya kuongea peke yake.

Basi nikajiwekea nia. Zamu ya mwisho nitawaaga. Na kwa Abu Dhiab sitaaga tu, nitaomba. Nitaomba niwe nakuja hata bila mita, mara moja moja, nikae kwenye kigoda kile dakika kumi, niulizwe habari ya magoti. Mkiona ni jambo dogo basi hamjui kwetu. Mgeni hakataliwi, atalishwa mpaka ashindwe kuinuka. Lakini mtu mzima kujiombea mwaliko! Afadhali aonekane anaiba kuku. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima na kila mara niliona haya kujitazama.

Siku ya zamu ya mwisho ilikuwa Alhamisi, siku ya maji ya mtaa wa Abu Dhiab. Nikaanza na Um Khalaf.

"Um Khalaf, mwezi ujao sitakuja."

"Likizo?"

"Hapana. Mita zitajisoma zenyewe."

Akaweka sinia chini. "Zenyewe? Wallahi? Yaani hakuna mwanamume wa kuingia uani kwangu nikiwa nafua?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi!" Akapiga kelele juu ya ukuta kumwita jirani amjulishe habari njema. Nilibaki na chai mkononi, nikainywa haraka ikanichoma ulimi.

Fundi cherehani alinisikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni. Nikajua huyu ameelewa. Akaitoa sindano akauliza, "Sasa hizo mpya nazo zitasoma upepo?"

"Sijui."

"Uliza basi! Wewe si mtu wa ndani?"

Nyumba iliyofuata jamaa alikuwa kwenye simu, akaniinulia kidole nisubiri, akaingia ndani, hakurudi. Nyingine walinitukana kama kawaida, na kwa kweli siku ile sikuchukia. Mbwa wangu naye hakuonekana. Hadi adhuhuri nilikuwa nimeaga milango thelathini na saba na hakuna hata mmoja ulioniuliza: je, wewe utakwenda wapi?

Nikafika kwa Abu Dhiab.

Kigoda kilikuwepo. Nikakaa, nikawasha tochi. Maji yalikuwa yameshafika na mita inazunguka. Elfu nne mia nane kumi na saba. Nina mtindo wangu: nikiinama miwani hunidondoka, kwa hiyo naishika namba kichwani mpaka nisimame, ndipo naandika. Sijawahi kukosea. Nilikuwa bado nainuka, namba iko kichwani, ombi langu liko kooni, nikasikia sauti kutoka sebuleni, mlango uko wazi.

"Abu Mita! Hebu ingia, ingia. Kahawa iko tayari."

Alikuwa Abu Dhiab, mzee mrefu mwenye masharubu meupe, ameketi na shemeji yake Abu Aqil, kaka wa Um Dhiab, aliyekuja kutembea kutoka Madaba. Katika miaka kumi na moja alikuwa hajanikaribisha ndani hata siku moja. Nadhani aliniona tu napita, na mwenye dele la kahawa mkononi hawezi kumwacha mtu apite. Nikavua viatu. Elfu nne mia nane kumi na saba. Nikakaa kwenye godoro. Akanimiminia kahawa chungu, kidogo chini ya kikombe kama inavyotakiwa, akanipa kwa mkono wa kulia, nikapokea kwa mkono wa kulia.

"Habari za magoti?" akauliza.

Hapo namba ikanikimbia. Kumi na saba, au sabini na moja? Nilimtazama mzee nikaona midomo yake inatembea, mimi nasikia tarakimu tu. Zamu ya mwisho ya maisha yangu, na niandike namba ya uongo, tena ya nyumba hii? Haiwezekani. Nikaweka kikombe chini, kwenye zulia mbele yangu, nikachomoa kalamu.

Kwetu hata mtoto wa miaka sita hafanyi kosa hili. Mgeni akipewa kahawa chungu akaiweka chini bila kuionja, amesema: nina haja, na sinywi mpaka nipewe neno. Hivyo ndivyo mabinti wanavyoposwa. Hivyo ndivyo watu wanavyoombana msamaha wa damu. Mjomba wangu alikiweka kikombe chini mara moja tu maishani mwake, akarudi na mke. Hakuna mtu duniani anayekiweka chini ili aandike namba ya mita.

Nilipoinua kichwa wote wawili walikuwa wananitazama. Abu Aqil alikuwa ameacha kutafuna, tende imevimba shavuni. Abu Dhiab alirudisha dele kwenye makaa polepole, akakiweka sawa kitambaa cha kichwani, akakaa mbele yangu magoti yakielekeana na yangu.

"Heri, inshallah," akasema. "Sema, ndugu yangu. Hapa ni kwako."

Ningeweza kucheka. Ningesema, samahanini wazee, akili imehama, na wao wangecheka, nami ningekinywa kikombe na kwenda zangu. Lakini siku nzima nilikuwa nagonga milango ili niulizwe swali hilo hilo, na sasa nimeulizwa. Nikarudisha kalamu mfukoni.

"Huyu anataka mke," Abu Aqil akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani. "Mtazame, ana dalili zote."

"Nyamaza wewe. Mke gani aliyeko humu? Labda nimpe dada yako."

"Dada yangu si ndiye mkeo?"

"Ndiyo maana nasema."

"Nawasikia!" akaita Um Dhiab kutoka jikoni, na mara akawa mlangoni, mikono imejaa povu.

Wote watatu wakanitazama. Ujasiri wote niliouchonga mbele ya kioo ukayeyuka. Nikasema neno la kwanza lililopita.

"Naomba tawi. La ule mtini wenu."

Abu Aqil alicheka mpaka tende ikampalia. Abu Dhiab akapiga paja. "Kikombe kimekaa chini kwa ajili ya tawi? Bwana wee, chukua mti mzima na ukuta wake! Umenitisha, nilidhani umemuua mtu."

Nami nikacheka, kicheko kibovu. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Utalipanda wapi?" Um Dhiab akauliza. Alikuwa hacheki. "Si uliniambia unakaa juu ghorofani, na baraza huna?"

"Kwenye... kopo."

"Mtini kwenye kopo?"

Nilikuwa nimeikosa nafasi, na nimeikosa mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya godoro lao. Abu Dhiab akaacha kucheka. Aliutazama mkono wangu uliosimama njiani, akakitazama kikombe.

"Kahawa yako bado iko chini," akasema kwa sauti ndogo. "Hujasema ulichojia."

Basi nikakisema. Sikukisema vizuri, maneno ya kioo yote yalipotea. Nilisema leo ndiyo mwisho, mita zitajisoma, mimi napelekwa chini kwenye chumba cha makaratasi. Nilisema nimeaga milango thelathini na saba, wengine wameshukuru Mungu. Nilisema kigoda. Nilisema kigoda mara tatu au nne, kwamba mtu akiwekewa kigoda miaka kumi na moja anazoea, anajiona kuna mahali anasubiriwa. Nikasema, "Nataka niwe nakuja. Bila mita. Sina pengine pa kwenda." Kisha nikatazama zulia.

Nilimsikia Abu Dhiab akinyoosha mgongo. Aliposema, alisema kwa sauti ile ya wazee wanapotoa neno la nyumba.

"Kunywa kahawa yako. Ulichojia umekipata, ewe..." Akakwama. Akamgeukia mkewe, na mkewe akamtazama yeye. Kahawa ilikuwa imeshapoa kabisa. "Samahani, ndugu yangu. Hivi jina lako ni nani?"

"Mufleh."

"Kunywa kahawa yako, Mufleh."

Nikanywa. Ilikuwa baridi na chungu, na nilitikisa kikombe kuashiria imetosha ingawa ningekunywa dele zima.

"Na mtini ni mwezi wa pili," Um Dhiab akasema, akijifuta povu kwenye gauni. "Sasa hivi ukikata tawi unaliua. Mwezi wa pili mti umelala, tutakata, tutalipanda hapo getini. Lakini nakuambia mapema, mimi simwagilii. Mtini wako, mikono yako. Uje Alhamisi, siku ya maji, usinimalizie tangi."

Nilipotoka ilibidi nirudi kwenye mita, maana daftarini nilikuta sijaandika kitu. Tangi lilikuwa bado linajaa na namba imekwenda: elfu nne mia nane kumi na nane. Nikaandika hiyo. Wakiitaka hiyo moja iliyozidi, ofisi na wanikate mimi.

Sasa nakaa chini. Chumba hakina dirisha, kina rafu za madaftari, yangu ya miaka kumi na mitatu yamo, na kiti changu kina magurudumu. Goti haliumi. Siku nyingine kutwa nzima hakuna anayeniambia neno, na nimegundua, msicheke, kwamba natamani kuitwa mwizi. Hmud alikuja mara moja akakaa robo saa. Mhandisi hushuka kuchukua karatasi na kupanda tena.

Alhamisi ni Alhamisi. Natoka kazini, napanda ngazi, najaza ndoo kwenye bomba la getini, maji yakiwa bado yanatoka. Mtini una majani manne, la tano limeliwa na mdudu. Mara nyingi Um Dhiab huwepo. "Mufleh, polepole, utaliozesha!" Siku ambazo Abu Aqil yupo, hukiweka kikombe chini kwa makusudi na kuomba tawi, na mzee humfukuza. Kuna majira Abu Dhiab alilazwa Amman, wiki tano, nyumba kimya. Geti liliachwa wazi, na kigoda kimehamishwa, hakiko tena uvunguni mwa ngazi, kiko kando ya mtini. Nilimwagilia, nikakaa pale mpaka giza likaanza kuingia, nikaenda kulala. Zile zilikuwa wiki ndefu.

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ikianza, mashine ya ofisi hutoa karatasi ya mtaa ule, nami ndiye wa kuipanga kwenye jalada. Kabla sijaipanga naitafuta nyumba, naweka kidole. Alhamisi: lita elfu moja mia tisa na arobaini. Mstari una jina la Abu Dhiab, ndivyo inavyotakiwa, na aliyezitumia zote kwa mujibu wa karatasi ni yeye. Ndoo moja humo ni yangu.